Mstari wa Chini kwenye Bunduki ya Baba

Goweko, Jumapili baada ya misa

Mama yangu Dafrosa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nzega kwa kaka Xavery, mguu umepunguza kuvimba, na ile dawa ya kuchua unaitumia, siyo umeificha chini ya mto kama kawaida yako. Huku sisi hatujambo. Stela amepona kikohozi, mbuzi wako wa madoa amezaa pacha, na mvua za kwanza zimeshatushukia, ardhi imelainika. Kwa upande wa mwili sina la kulalamika. Kwa upande wa roho, mama, nimekasirika, na nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuvizia.

Najua umenipigia simu wiki nzima. Niliona jina lako likiwaka, nikaiacha iite mpaka ikachoka. Kwenye simu ungelia, na wewe ukilia mimi huwa nanyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza. Nakuomba kitu kimoja tu kabla hujaendelea. Usimpe Xavery akusomee. Vaa miwani yako, kaa barazani penye mwanga, usome mwenyewe mpaka mwisho.

Hii habari ya bunduki ya baba unaijua kuliko mimi, lakini leo nataka uipitie kwa macho yako. Alama yetu ni nusu mwezi uliochomwa mshale. Marehemu baba alikuwa akisema babu zake waliipiga kwenye mikate ya nta enzi za misafara, wakiibeba kichwani kutoka huku Unyamwezini mpaka pwani, ili mzigo ukifika mwenyewe ajulikane. Kila mzinga wetu msituni umechongwa alama hiyo. Lakini mizinga huoza, na mingine huungua na moto wa kiangazi, ndiyo maana baba akaichora na kwenye chuma, ubavuni mwa ile bunduki yake ya marisau, juu kidogo ya kifyatulio. Chini ya alama akawa anachora mstari kwa kila mtoto anayemkubali kuwa mrina asali. Mwenye mstari ana mizinga, asiye na mstari ana pole. Wenye mizinga wote wa Goweko wanaujua utaratibu huo wa baba.

Wa kwanza kuchorwa alikuwa Xavery, mstari umenyooka, maana mkono wa baba ulikuwa bado una nguvu. Wangu ulikuja baadaye sana. Unakumbuka nilivyorudi kutoka Urambo, ndoa imenishinda, Stela mgongoni. Wewe ulinipokea kwa maji ya kuoga, baba akanipokea kwa kamba ya kupandia miti. Xavery alikuwa ameshahamia Nzega na duka lake, baba anazeeka, na mizinga haijitundiki yenyewe. Nikapanda. Nyuki wakaniuma mpaka macho yakafunga, nikashuka, yalipofunguka nikapanda tena. Wanaume walikuwa wakipita kwenye kambi yetu ya msituni wananicheka, eti mzee Mahona kageuza binti yake nyani. Baba aliendelea kunishikia kamba.

Ndipo msimu mmoja tumemaliza kurina, akachukua msumari wa inchi nne na jiwe, akaiweka bunduki mapajani, akagonga mstari wangu chini ya ule wa Xavery. Mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka, mstari ukapinda. Nikamwambia, baba, umepinda. Akanijibu kwamba nyuki hawasomi. Tuliporudi nyumbani nilikimbia kukuonyesha. Wewe ulikuwa unapepeta mahindi, ukautazama, ukaendelea kupepeta. Siku ile sikulitilia maanani.

Sasa nije kwenye kikao. Wenye mizinga walikaa pale kwenye ghala la asali, mwenyekiti akiwa mzee Kasimiri, ili mizinga ya marehemu ijulikane ni ya nani kabla ya msimu wa kutundika. Xavery alikuja na basi kutoka Nzega, bunduki ameifunga kwenye mfuko wake, kibali kiko mfukoni. Kuhusu kibali sina neno, polisi walimpa yeye kihalali, na mimi sikutaka bunduki. Nilitaka mizinga. Xavery akawaambia wazee kwamba yuko tajiri mmoja anataka kuinunua mizinga yote ya baba pamoja na kambi, na yeye ameona auze, kwa kuwa hana muda wa msitu. Alisema yote, mama, kana kwamba mimi nilikuwa nimekaa pale kuwapikia uji.

Mzee Kasimiri akasema sawa, lakini kwanza bunduki ionekane. Xavery akaitoa. Mama yangu wee! Ile bunduki niliyoizoea, yenye mkwaruzo mrefu mtutuni wa kusuguana na waya wa keria ya baiskeli, yenye michubuko ya miiba na ubavu uliopauka kwa jasho la baba, ilitoka nyeusi tii, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wazee wakaguna kwa kuisifu. Mimi nikasogea kutazama. Nusu mwezi upo. Mshale upo. Mstari wa Xavery upo. Chini yake, hakuna kitu. Nikamwambia ageuze, maana nilidhani natazama upande siyo. Akageuza. Nikamwambia ageuze tena.

Xavery akaeleza kwamba alipoipeleka polisi kukaguliwa, askari mmoja alimtania kuwa amebeba bunduki ya jangili, akaona aibu. Akaipeleka Tabora mjini kwa fundi silaha mmoja wa Mtendeni anayeitwa Lugembe, amwondolee mikwaruzo. Akaapa kwamba alimwagiza fundi asiguse alama wala mistari iliyo chini yake, aondoe mikwaruzo tu. Labda, akasema, fundi aliuona ule wangu umepinda, uko peke yake kule chini, akadhani na wenyewe ni mkwaruzo.

Hapo nilipanda, mama, na sikupanda mti. Nilimwita mwizi mbele ya watu wazima. Nikamwambia tumenyonya titi moja na sasa anataka kunyonya na mizinga yangu. Nikamwambia baba angejua angemchora mstari wake kwenye mavi ya ng'ombe. Alinyoosha mkono anishike bega, nikaupiga kofi. Yeye alisimama tu, jasho linamtoka, anarudia neno moja, "Kabula, mimi sijui." Nikawaambia watu wamtazame anavyojua kuigiza. Nakuandikia haya yote kama nilivyoyasema, sikupunguza hata moja, na utaona kwa nini.

Mzee Kasimiri alinituliza. Akasema kinywa changu hakitoshi, na cha Xavery hakitoshi, maana mstari wenyewe ulichorwa porini na aliyeuchora yuko kaburini. Akanipa nafasi niende kwa huyo fundi nilete ushahidi. Nikishindwa, neno la mtoto wa kiume mwenye mstari litasimama, na mizinga itauzwa yote. Umenielewa hapo, mama? Mizinga yote, pamoja na ile niliyoichonga kwa mikono yangu, na kambi aliyofia baba.

Nikapanda treni hapa stesheni nikaenda Tabora. Njia nzima nilikuwa napanga matusi ya kumtukana fundi. Karakana yake iko nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, Mtendeni, chumba kidogo chenye nondo madirishani. Nilitegemea kukuta jambazi. Nikakuta mtu mnene, mchangamfu, amevaa aproni ya ngozi, anapenda kusifiwa. Nilipotaja bunduki ya mzee Mahona hakushtuka hata kidogo. Alifurahi. Akavuta stuli, akaanza kunisimulia kazi aliyoifanya.

Alisema mtutu haukumsumbua. Ile ya kuparuzwa na waya ilikuwa mikwaruzo ya juu juu, imeondoa weusi tu, haijala chuma. Hiyo aliipitishia msasa laini uliolowa mafuta, akaifuta kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, maana ukiacha hata alama ya kidole dawa haishiki. Kisha akapaka dawa yake ya kutia weusi, chuma kikageuka bluu, akaosha kwa maji, akapaka tena mpaka kikawa cheusi, halafu mafuta. Anasema siri ni subira, na kwamba vijana wa siku hizi wanapulizia rangi ya pikipiki halafu wanajiita mafundi. Nikamwacha amalize majivuno yake. Nikamuuliza habari ya ubavuni.

Akasema huko kulikuwa na kazi. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja uliochimba, umegongwa, haukuparuzwa. Wa namna hiyo dawa haifuti, itautia weusi tu na utaonekana vizuri zaidi. Lazima ushushe chuma chote cha pembeni mpaka kilingane na chini ya mkwaruzo. Akachukua kipande cha bomba, akanionyesha kwa kidole gumba anavyosugua. Na ukishashusha, akasema, hapo panabaki kibonde. Jicho halikioni, lakini kidole kinakisikia.

Nikamuuliza, sasa wewe mtu wa kazi, umeona kabisa kwamba umegongwa, nani alikwambia ni mkwaruzo? Akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Akaniambia yeye alikuwa ameuacha, kama Xavery alivyoagiza. Lakini Xavery alipoondoka kwenda kukata tiketi za basi, aliyekuwa amefuatana naye alirudi peke yake, akauwekea kidole mstari ule, akasema na huu ufute. Nilimuuliza ni nani. Akanitajia. Jina nitaliandika chini, maana nikiliandika hapa hutamaliza kusoma. Nilitoka mle bila kumtukana, nikakaa stesheni nasubiri treni.

Kikao cha pili nilikwenda sina karatasi wala shahidi. Nilimwomba mzee Kasimiri jambo moja, Xavery aitoe bunduki, ahakikishe haina risasi, na kila mzee apitishe kidole chini ya mstari wa Xavery, macho ameyafumba. Wengine walicheka. Wa kwanza alipopitisha hakucheka tena. Akarudisha kidole, akapitisha tena, akampisha mwenzake. Mzee Kasimiri alipitisha wa mwisho, kisha akapitisha mtutuni palipokuwa na ule mkwaruzo mrefu, pakawa laini sawasawa kama sahani. Akasema mkwaruzo wa mwiba hauchimbiwi kaburi. Palipochimbwa namna hii palikuwa na mstari, na mtu hachori mstari chini ya ule wa mwanawe kwa bahati mbaya. Nusu ya mizinga ni yangu, na kambi haiuzwi mpaka wenye mistari wote wawili wakubali.

Xavery alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Na safari hii niliupokea, mama, huku uso unaniwaka kwa aibu, maana nilikuwa nimeshajua.

Kisha mzee Kasimiri akauliza swali ambalo lilikuwa lazima aulize. Akasema, fundi amekuambia nini, nani alimwagiza? Xavery akanitazama. Na mimi Apolinaria Kabula, niliyemwita kaka yangu mwizi kwa jambo asilolijua, nikasimama mbele ya watu wale wale nikasema uongo. Nikasema fundi amekiri alikosea. Basi. Lawama yote nikamvika Lugembe, mtu aliyenivutia stuli na kunieleza kazi yake bila hila. Sasa huku Goweko jina lake limeharibika, wanasema ni fundi asiyejua kutofautisha alama na mkwaruzo, na waliokuwa wampelekee silaha zao wameahirisha. Nilifanya hivyo kwa ajili yako, mama.

Ni wewe. Lugembe alisema mama mmoja mfupi, mwenye kilemba cha WAWATA, wale akina mama wa kanisani, anachechemea mguu wa kushoto. Kabla hajafika kwenye mguu nilikuwa nimeshajua. Akasema alikubishia, akakwambia mwenye bunduki amekataza. Wewe ukamwambia kwamba mwenye bunduki ulimzaa mwenyewe, na mwenye mstari ulimzaa mwenyewe, na aliyeuchora alikuwa mume wako. Halafu ukamwambia neno ambalo amelishika mpaka leo, na mimi nimelishika, nikilala nalo nikiamka nalo: "Msitu umekula mume wangu. Binti yangu hautamla."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilikuwa nakitafuta Nzega kwa Xavery, nakitafuta Mtendeni kwa fundi, kumbe nimekitandikia kitanda na kukichemshia maji.

Najua ulivyoteseka. Usidhani sijui. Najua baba alikuwa akienda msituni mahindi yakiwa machanga na kurudi yameshavunwa, na wewe ndiye uliyelima na kuvuna. Najua alivyofia kambini na wakamleta amefungwa kwenye baiskeli, na ile sauti uliyoitoa walipofika uani bado iko masikioni mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa naisukuma ile baiskeli kwa nyuma. Lakini mama, msitu haukumla baba. Presha ndiyo iliyomuua, na ingemkuta hata barazani. Msitu ndio uliomlisha. Ada za Xavery zilitoka kule, bati ulizolala chini yake zilitoka kule, na mimi nilipotupwa na mume kama gunzi, ni kule nilikorudishiwa jina langu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa. Sasa mbona uchungu wenyewe ulitaka unikate mikono?

Ungeniambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ungeniita jikoni, ukaniambia Kabula, naogopa, usirudi kule. Tungegombana, tungelia, pengine ningepunguza safari. Wewe ukaona ni afadhali unifute kimyakimya kwa mkono wa mtu baki, halafu ukarudi Nzega ukakaa, ukasikia nimemwita mwanao mwizi, ukasikia tunatengana, na bado hukufungua mdomo. Xavery aliniambia siku ya kikao cha pili kwamba alikulilia usiku uliopita, na wewe ukambembeleza. Ulimbembeleza kwa mdomo gani?

Mimi nimeshamwomba Xavery msamaha, lakini kwa nusu, maana sikumwambia ninachokijua. Hilo nakuachia wewe. Mwite, mwambie mwenyewe. Halafu mguu ukipata nafuu panda basi mpaka Tabora, nenda Mtendeni kwa Lugembe, umwambie kwamba aliharibiwa jina kwa ajili yako. Mimi nami nitakwenda kwa mzee Kasimiri kuusahihisha uongo wangu, ila nimekusubiri wewe kwanza, kwa sababu ni mama yangu na sitaki watu wakujue kupitia kwangu. Nitasubiri mpaka mizinga iishe kutundikwa. Baada ya hapo nitasema mwenyewe.

Na kabla hujanijibu, fanya jambo moja. Mwombe Xavery aitoe ile bunduki, aifungue uone haina risasi. Fumba macho. Weka kidole kwenye nusu mwezi, kishushe taratibu, upite mstari wa mwanao wa kwanza, uendelee chini kidogo. Utasikia kibonde. Hapo ndipo nilipokuwa mimi.

Stela anakuamkia, shikamoo bibi, anauliza utakuja lini kumwona mbuzi na pacha wake. Juzi nilikwenda naye kambini, akashika kamba wakati mimi napandisha mzinga mpya, hakuiachia hata ilipomchuna viganja. Nimemchongea mstari kwenye kifuniko cha mzinga huo, chini ya wangu, kwa tindo siyo kwa msumari. Umeingia sana kwenye mti. Mama mkwe wa Xavery umsalimie, na mke wake, na majirani wote wa hapo wanaotuulizia. Jumuiya yetu ya hapa imekuombea mguu wako Alhamisi iliyopita, na mimi niliitikia amina kwa sauti kama wengine.

Nimekutumia asali kwa kondakta wa basi, chupa iliyofungwa na kitambaa chekundu. Ni ya mizinga yangu. Shikamoo niliyoandika pale juu ni ya kweli, na hasira nayo ni ya kweli, zipokee zote mbili.

Ni mimi mwanao,
Apolinaria Kabula Mahona,
wa mstari wa chini.